Piko ya harusi ya mama mdogo

Alhamisi saa kumi jioni nilikaa kwenye kiti cha saluni ya mtaani kwetu, Dar es Salaam, nikapakwa rangi nyeusi kufunika mvi. Jumamosi saa nne asubuhi, ndugu zangu walipokuwa wanashuka kwenye boti Unguja kwenda kwenye harusi ya mdogo wangu wa kiume, mimi nilikuwa nimelala chali kitandani, sioni. Kope zilikuwa zimevimba zikafungana. Nikitaka kujua saa ngapi, ilinibidi nivute kope ya jicho la kushoto kwa kidole mpaka upatikane upenyo.

Ilianza kwa kuwasha. Usiku ule wa Alhamisi nilijikuna nyuma ya masikio na kisogoni, pale nywele zinapoishia, nikasinzia. Alfajiri ya Ijumaa paji la uso lilikuwa limejaa, limevutika, linang'aa. Kutwa nzima uvimbe ukawa unashuka kama maji yanayotafuta bonde, kutoka kwenye paji kwenda kwenye kope, kutoka kwenye kope kwenda mashavuni. Jioni ngozi ya kichwa ikaanza kutoa majimaji ya njano yanayonata. Foronya niliyoilalia usiku huo ilikauka ikawa ngumu kama imetiwa wanga, na asubuhi binti yangu aliilowesha kwa maji ya uvuguvugu ndipo nikaweza kuinua kichwa. Kingo za masikio zilikuwa zimepasuka nyufa nyembamba, kila ufa na tone lake. Shingoni tezi zilikuwa zimesimama, ukizigusa unasikia kama njugu chini ya ngozi.

Wifi yangu alisema ni jicho la watu, kwa sababu ya harusi. Jirani akauliza kama nimekula pweza. Mimi nilidhani mdudu. Hakuna mtu nyumbani aliyeitaja rangi, maana rangi ilikuwa ya Alhamisi na hii ilikuwa Jumamosi. Kitu kikikudhuru unategemea kikudhuru papo hapo.

Daktari wa ngozi aliyeniona alisomea Moshi, kwenye kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza pale hospitali ya KCMC mwaka 1992. Alinishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga wa dirisha, akatazama masikio, akatazama mstari wa nywele. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa nimekula nini. Akauliza, "Mama, uliwahi kupakwa piko?"

Nikamjibu kwamba mimi mtoto wa Unguja, daktari, piko nimepakwa tangu sijajua kusuka.

"Na mkono haukuwahi kuvimba?"

Nilikaa kimya. Lilikuwa swali la miaka zaidi ya ishirini na tano nyuma.

Nilikuwa darasa la nne. Mama mdogo alikuwa anaolewa, na siku ya hina fundi alikuja na mkoba wa ukili, akatandikiwa mkeka ukumbini. Alikuwa na vitu viwili. Bakuli la hina ya majani iliyosagwa, imelowekwa kwa maji ya ndimu tangu usiku. Na kikopo kidogo cha unga mweusi uliokorogwa kwa maji, wenye harufu kali inayopanda puani. Hiyo ndiyo piko. Hina inajaza, piko inachora mpaka, na mpaka ule mweusi ndio unaofanya wekundu wa hina uonekane. Bi harusi alichorwa hadi magotini. Sisi watoto tulipanga mstari tukisukumana, na fundi, Mungu amjaalie kheri, hakumnyima mtoto hata mmoja. Mimi nilipata ua moja lenye petali sita juu ya mgongo wa mkono wa kulia, na kikonyo kinachopanda hadi kwenye kifundo. Ua la piko tupu. Hina inataka ukae saa nyingi, mtoto hawezi. Piko ilikuwa imekolea kabla hatujaitwa kula.

Siku ya tisa au ya kumi, tumesharudi shule na weusi umeanza kufifia, ua likaanza kuwasha. Kisha likainuka. Mkono haukuvimba wote, ni ua tu: vilengelenge vidogo vilijipanga juu ya mstari uleule wa fundi, petali kwa petali, na kikonyo chake. Ungefumba macho ungeweza kulisoma kwa ncha ya kidole. Nililificha chini ya dawati. Bibi alilipaka mafuta ya nazi na kulisomea. Wakubwa wakasema ni hasadi za harusini. Lilipokauka, ua lilibaki jeupe kuliko ngozi yangu, kama la chaki isiyofutika, na lilikaa miezi. Kisha ngozi ikarudi rangi yake nami nikalisahau.

Nilipomaliza kumsimulia, daktari aliweka kalamu chini. "Basi ugonjwa ulianza siku ile," akasema. "Huu wa leo ni marudio."

Nilivyoelezwa, na nilivyosoma mwenyewe baadaye macho yalipofunguka, ni hivi. Unga wa piko ni rangi ya nywele. Hauna udugu wowote na hina. Hina ni majani ya mhina, na rangi yake ni ya chungwa inayoelekea wekundu au udhurungi. Hakuna mhina duniani unaotoa nyeusi tii. Weusi wa piko unatokana na kemikali iitwayo parafenilenediamini, wataalamu huifupisha PPD, na ndiyo hiyohiyo iliyomo katika rangi nyingi za kudumu za nywele, hasa nyeusi na kahawia iliyokolea. Ni molekuli ndogo mno. Kwa udogo wake hupenya ndani ya unywele ikiwa bado haina rangi, inakutana na peroksaidi iliyochanganywa na rangi, inashikana yenyewe kwa yenyewe hadi inakuwa kubwa na nyeusi, na inanasa humo ndani isitoke hata ukiosha. Ikishaiva hivyo kwa kawaida haina neno. Ubaya wake uko kwenye ubichi. Ikiwa mbichi hupenya ngozi kama inavyopenya unywele, na huko inajibandika kwenye protini za mwili wako.

PPD peke yake ni ndogo kiasi kwamba kinga haiishughulikii. Ila protini yako iliyobandikwa PPD inaonekana ngeni. Seli za ulinzi zinazokaa kwenye ngozi huibeba hadi kwenye tezi, na huko seli nyingine za kinga, ziitwazo seli T, zinafundishwa kuitambua. Mafunzo hayo huchukua kama siku kumi hadi wiki mbili. Nilipofika hapo nilianza kuhesabu kwa vidole kama mtoto. Siku ya tisa, ya kumi. Mabaki ya piko yalikuwa bado kwenye mkono wangu wakati seli zilipohitimu na kurudi kwenye ngozi, zikafuata mstari wa fundi bila kukosea.

Zikishahitimu, baadhi yake hubaki mwilini miaka na miaka, kwa wengi maisha yote. Mara ya pili hazihitaji wiki mbili. Zinahitaji saa kadhaa, au siku moja, au siku mbili tatu, na ndiyo nafasi iliyokuwepo kati ya Alhamisi yangu na Jumamosi yangu. Nafasi hiyo ndiyo inayowapoteza watu. Kama ni dawa ya kulainisha nywele, ile ikikuunguza inakuunguza palepale kwenye kiti, unapiga kelele, unaoshwa. Ule ni moto wa kemikali, unaweza kumpata mtu yeyote na kinga haihusiki. Mzio wa rangi, yaani ile aleji, unakuacha utoke saluni umependeza, ujitazame kwenye kioo cha daladala, upike, ulale.

Na haukuja bila kubisha hodi, hili ndilo linaloniuma. Kabla ya Alhamisi ile nilikuwa nimeshapaka rangi mara mbili. Ya kwanza, masikio yaliwasha siku moja, nikalaumu joto la draya. Ya pili yaliwasha siku nne na asubuhi kope zilikuwa nzito, nikalaumu vumbi la barabara inayojengwa. Kila mara mwili ulipandisha sauti kidogo.

Nilipewa vidonge vya prednisoloni vya kutuliza uvimbe, vya siku kadhaa, dawa ya kupunguza muwasho, na losheni ya steroidi ya kichwani. Uvimbe ulipungua siku ya tatu. Ngozi ya masikio ilibanduka kama ya kitunguu. Baada ya wiki sita, dawa zikiwa zimeshatoka mwilini, nilirudi kwa kipimo: vibandiko vidogo vilivyopangwa mgongoni, kila kimoja na kemikali yake, kimojawapo kikiwa na PPD asilimia 1 ndani ya vaselini. Unakaa navyo saa 48 bila kuoga mgongo, vinatolewa, wanasoma, unarudi tena siku ya nne wanasoma upya. Sikuhitaji kusomewa. Usiku wa kwanza tu nilijua kipo wapi.

Daktari aliniandikia kadi ya kutembea nayo, kwa sababu PPD ina jamaa zake. Baadhi ya dawa za ganzi za kupaka, zile za jamii ya benzokeini, zinaweza kumwamsha mtu kama mimi, kwa hiyo kwa daktari wa meno kadi inatangulia. Baadhi ya rangi nzito za vitambaa vya poliesta pia, ndiyo maana siku hizi buibui jipya nalifua mara tatu kabla ya kulivaa. Na wako wachache sana ambao mzio wao hauishii kwenye ngozi: wanatutumka mwili mzima, koo linabana, pumzi inapiga filimbi. Huyo hangojewi hadi asubuhi wala hapakwi mafuta. Anakimbizwa hospitali muda uleule.

Macho yalipofunguka nilirudi saluni. Sikwenda kwa ugomvi, nilitaka kuona boksi. Dada aliyenipaka alishtuka kuniona, akaniomba msamaha kabla sijakaa, akalifukua kwenye kapu la takataka za wiki ile. Rangi ilikuwa imetengenezwa Ulaya. Ndani mlikuwa na karatasi imekunjwa mara sita, lugha kama kumi, Kiswahili hakimo. Nikamulika kwa tochi ya simu, nikatafuta Kiingereza, herufi ndogo kama mchanga.

Ilisema rangi za nywele zinaweza kusababisha mzio mkali. Ilisema bidhaa si ya watu walio chini ya miaka 16. Ilisema fanya kipimo kwenye ngozi saa 48 kabla. Kisha ikasema kwamba michoro ya muda ya hina nyeusi inaweza kuongeza hatari ya mzio, na kwamba usipake rangi hii kama umewahi kudhurika na michoro hiyo.

Niliisoma mara mbili nimesimama pale mlangoni, wateja wananipita. Maonyo ya mzio, ya umri na ya hina nyeusi si ya kampuni moja, ni sharti la sheria za Umoja wa Ulaya kwa rangi zote za aina hii zinazouzwa huko. Boksi lilikuwa limeniuliza kuhusu harusi ya mama mdogo. Mtu fulani, mbali kabisa na Unguja, alijua kwamba kuna watoto wanaochorwa maua meusi mikononi, na kwamba siku moja watoto hao watakuwa watu wazima wenye mvi. Akaliandika swali. Lilinifikia limekunjwa mara sita, kwa lugha ambayo bibi yangu asingeisoma, ndani ya boksi ambalo mteja halioni, maana kwenye saluni zetu rangi inakuja imeshakorogwa kwenye bakuli.

Swali hilo nalitaka kwa Kiswahili. Tangu 2019 vipodozi Tanzania Bara viko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na sioni sababu ya rangi kuruhusiwa kuingia sokoni bila sentensi moja kubwa, nyeusi, inayosema: kama piko imewahi kukuvimbisha, usipake. Na wala tusingoje karatasi. Msusi anaweza kuuliza kwa mdomo wakati anachana nywele, "Dada, piko haijawahi kukudhuru?" Sekunde tano. Mimi ningejibu, nina hakika ningejibu, kwa sababu yule daktari aliponiuliza tu, ua lote lilirudi.

Kuhusu kile kipimo cha nyumbani, kwa mtu asiye na historia kina maana: rangi kidogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, kwa maelekezo ya boksi lenyewe, siku mbili kabla. Siku mbili, si nusu saa kama wanavyofanya baadhi ya saluni na kusema "umepita". Kwa aliyekwisha kuvimba, jibu lake lilishatoka. Asijipime, asipake.

Hii si habari mpya duniani. Mwaka 1933 huko Marekani iliuzwa rangi ya kope na nyusi iitwayo Lash Lure, yenye PPD ndani yake. Wanawake waliharibika macho, mmoja akapofuka, mwingine akafa. Picha zao zilisaidia kusukuma sheria ya 1938 iliyoweka vipodozi chini ya usimamizi wa serikali kwa mara ya kwanza. Lakini sheria ileile iliziachia rangi za nywele za lami ya makaa, PPD ikiwemo, mradi ziwe na onyo na maelekezo ya kujipima kwanza. Kwa hiyo onyo la kujipima ni kuukuu, limewatangulia mama zetu kuzaliwa.

Na kwenye nywele angalau kuna mpaka. Ulaya inaruhusu PPD isiyozidi asilimia 2 kwenye rangi iliyokwisha kuchanganywa, na kuipaka kwenye ngozi moja kwa moja hairuhusiwi kabisa. Piko haina anayepima. Watafiti katika Falme za Kiarabu walipopima hina nyeusi zilizokuwa zinatumika huko, walikuta PPD kuanzia asilimia 0.4 hadi 29.5. Rudia namba ya mwisho. Halafu fikiria mgongo wa mkono wa mtoto wa miaka tisa, na ngozi yake ilivyo nyembamba.

Siku ile saluni, kabla sijaondoka, dada alinyoosha mikono yake kunionyesha. Hakusema kitu. Ncha za vidole vitatu vya mkono wa kulia, vile anavyotumia kugawa nywele, zilikuwa kavu na zimepasuka kwa urefu, mipasuko mingine imeziba kwa weusi wa rangi. Kati ya vidole, ngozi nene yenye magamba. Alisema inawasha zaidi usiku na akienda kijijini wiki mbili inapona. Kwenye msumari ukutani zilining'inia glavu zake, jozi moja, zimegeuzwa nje ndani ili zikauke. Nikamwuliza. Akasema anazigeuza kila siku, leo upande huu, kesho ule. Maana yake ni kwamba kesho anaivaa rangi ya leo, imefungiwa na jasho. Nilimnunulia boksi la glavu za naitrili na kumwandikia jina la kliniki. Mimi rangi niliipaka mara tatu maishani. Yeye anaishika mara tatu kabla ya adhuhuri, na wala hajawahi kusikia neno mzio likihusishwa na kazi yake.

Mvi zangu sasa ziko wazi. Mara mojamoja natia hina ya majani, ninayoisaga mwenyewe, na mvi zinakuwa za rangi ya kutu iliyopigwa na jua. Sinunui unga unaoitwa hina nyeusi, hata kama pakiti imeandikwa "asilia" mara nne. Na kwa wenye vichanga: hina safi nayo msiwapake. Wako watoto, na katika ukanda wetu wa malaria si wachache, waliozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na kwa hao hina ikipenya ngozi inaweza kuzipasua chembe hizo. Ile desturi ya kumpaka mtoto wa siku saba inapendeza, naijua, lakini ingoje.

Mwezi uliopita tulivuka kwenda Unguja kwenye harusi ya mpwa wangu. Siku ya hina binti yangu mdogo, ana miaka tisa, alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Fundi alikuwa msichana wa rika la mpwa wangu, ana koni za plastiki badala ya njiti. Nilikaa kando yake kwenye mkeka nikamwomba anionyeshe vikopo. Akanionyesha. Nikamwambia huyu mchore kwa hina tu. "Shangazi, hina itachukua hadi usiku," akasema, "piko dakika ishirini tu." Nikamwambia tuna usiku kucha. Kisha nikamsimulia ua, kwa sauti ya kawaida, na watoto wengine kwenye mstari wakanyamaza wakisikiliza. Mama mmoja nyuma yangu akasema kwa taratibu kwamba wake, wa kwanza, alitokwa na malengelenge hivyohivyo Idi ya mwaka juzi, nao walisema ni upepo.

Binti yangu alilala kwenye mkeka ameikunjua mikono, imefungwa mifuko ya plastiki, kifua kinapanda na kushuka. Asubuhi tulikwangua hina iliyokauka kwa upande wa kijiko. Chini yake ua lilikuwa la rangi ya chungwa hafifu, na akaanza kulia kwamba halijakolea. Bibi yake akampaka mafuta ya karafuu, akamwambia angoje mpaka kesho.